Kusoma Ramani ya Viti: Majina ya Sehemu za Ukumbi wa Maonyesho na Jinsi ya Kuchagua Pa Kuketi

Tiketi ya ukumbi wa kale wa maonyesho ina lugha yake. Imeandikwa "Stalls", au "Parkett", au "Loge", au "Dress Circle", ikafuata herufi, ikafuata namba, na mnunuzi anatarajiwa kujua yote hayo kana kwamba alizaliwa nyuma ya pazia. Wengi huamua kwa bei: kiti cha ghali kitakuwa kizuri, cha rahisi kitakuwa kibaya. Hapo ndipo pesa hupotea. Majina ya viti hivi yalifuata cheo cha mtu aliyeketi, wala hayakujali anaona nini, na bei za leo bado zimebeba kivuli cha vyeo vile. Viko viti vya heshima kubwa ambavyo ukivikalia unaona nusu ya jukwaa. Viko pia viti vya juu kabisa, vya bei ya chini, ambavyo sauti huvifikia safi ajabu.

Njia ifuatayo ndiyo ninayoitumia mwenyewe kila nikutanapo na ramani ya ukumbi nisioujua.

Hatua ya 1: Jua kushoto ni kwa nani

Kabla ya kusoma jina lolote, tafuta jukwaa liko upande gani wa ramani. Ramani nyingine hulichora juu, nyingine chini, na ukikosea hapo kila kitu kinageuka. Kisha kumbuka kwamba wewe na mwigizaji mnatazamana, hivyo kushoto kwake ni kulia kwako. Maelezo ya viti kwa kawaida hufuata mkono wa mtazamaji. Mafundi wa jukwaa hufuata mkono wa mwigizaji.

Wafaransa waliuepuka mkanganyiko huu kwa namna ninayoipenda sana. Upande wa kushoto wa mtazamaji huuita "jardin", yaani bustani, na wa kulia huuita "cour", yaani ua. Chanzo ni ukumbi uliokuwa ndani ya kasri la Tuileries mjini Paris, ambao upande mmoja ulipakana na bustani na upande wa pili na ua. Waigizaji wa Comédie-Française walihamia humo mwaka 1770. Kasri liliteketea kwa moto mwaka 1871, lakini bustani na ua vinatajwa hadi leo katika kumbi za Ufaransa, hata pale ambapo nje ya ukuta kuna barabara tupu.

Hatua ya 2: Anzia sakafu ya chini

Sakafu iliyo mbele ya jukwaa, usawa wa chini kabisa, ina majina mengi kwa kitu kimoja. Uingereza ni "stalls". Marekani ni "orchestra". Ujerumani ni "Parkett", Italia ni "platea", Urusi ni "parter". Ukiona mojawapo, jua uko chini.

Neno "orchestra" huwatisha watu, wakadhani wameuziwa kiti katikati ya wapiga fidla. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni mahali pa kuchezea: ule uwanja wa duara ambapo kundi la waimbaji lilicheza na kuimba. Epidaurus, Ugiriki, katika ukumbi uliojengwa karne ya 4 kabla ya Kristo, duara hilo lipo mpaka leo, na safu za viti vya mawe zimelizunguka kama upepeo wa mkono uliokunjuliwa. Warumi walipojenga kumbi zao waliwaketisha maseneta mahali hapo. Neno likahama kutoka kwa mchezaji likaenda kwa mtazamaji, na baadaye likawashika wapiga muziki pia. Leo lina maana zote mbili, kwa hiyo pima kwa muktadha: kwenye tiketi ni sakafu ya chini, kwenye orodha ya wasanii ni kundi la muziki.

Watu huona ajabu wakisikia kwamba kwa karne nyingi sakafu hii ilikuwa mahali pa wanyonge. Katika ukumbi wa Globe, uliojengwa London mwaka 1599, mtu alitoa peni moja akasimama uwanjani, jua au mvua. Aliyetaka kuketi kwenye roshani aliongeza peni. Globe mpya, iliyofunguliwa mwaka 1997, imeurudisha utaratibu huo, na takriban watu 700 wanaweza kusimama mbele ya jukwaa. Hispania nako wanaume walisimama uani, ilhali wanawake walitengwa kwenye roshani iliyokabili jukwaa, ikaitwa "cazuela", yaani chungu, kwa jinsi walivyosongamana humo. Ukumbi wa namna hiyo bado uko mjini Almagro. Ufaransa watu waliendelea kusimama kwenye "parterre" hadi karne ya 18 ilipokaribia kwisha.

Viti vya starehe viliingia sakafuni polepole, vikianzia karibu na jukwaa na kuzisukuma nyuma benchi za watu wa kawaida. Mwaka 1880 ukumbi wa Haymarket mjini London uliondoa benchi hizo zote, na usiku wa ufunguzi watazamaji walipiga kelele za kupinga. Nawaelewa. Walikuwa wamenyang'anywa sehemu ambayo mtu wa kipato kidogo angeweza kuona sura ya mwigizaji.

Sasa, kuchagua. Safu mbili tatu za mwanzo hukukaribisha kwenye jasho la mwigizaji, lakini jukwaa likiwa limeinuka sana huioni miguu yake, na kwenye opera shimo la wapiga muziki hukaa kati yako na waimbaji. Safu za katikati ndizo salama. Za nyuma zina mtego ambao ramani nyingi hazionyeshi: roshani ya juu huzifunika kama kibaraza cha nyumba. Ukiketi chini yake, sehemu ya juu ya jukwaa hukatika, na sauti hufika imefifia. Mandhari yenye ngazi, dari au mwezi unaopanda itakupita. Uliza kabla ya kulipa: safu ya ngapi ndiyo ya kwanza kufunikwa na roshani?

Uliza pia mwinamo wa sakafu. Kumbi kadhaa za opera za zamani zilikuwa na sakafu iliyoinuliwa hadi usawa wa jukwaa ili watu wacheze dansi usiku, hivyo mwinamo wake ulikuwa mdogo. Mtu mfupi akiketi humo nyuma ya mtu mrefu, jioni yake imekwisha.

Hatua ya 3: Panda ghorofa, lakini hesabu mwenyewe

Hatua hii ndiyo yenye mitego mingi. Roshani ya kwanza juu ya sakafu, London, huitwa "dress circle", kwa sababu waliokaa hapo walivaa mavazi rasmi ya jioni. Wakati mwingine huitwa "royal circle" au "grand circle". Inayofuata ni "upper circle". Kwenye kumbi za Broadway, New York, roshani ya kwanza mara nyingi ni "mezzanine", neno lililotoka Italia lenye maana ya ghorofa ya katikati. Ukisoma "front mezzanine" na "rear mezzanine", hizo kwa kawaida ni mbele na nyuma ya roshani moja, si ghorofa mbili.

Kufikia hapo kila kitu kinaonekana rahisi. Sasa nenda Metropolitan Opera, New York hiyohiyo. Juu ya sakafu kuna maboksi yaitwayo "parterre", juu yake "grand tier", juu yake ndiyo "dress circle", kisha "balcony", kisha "family circle". Yaani "dress circle" ambayo London ni ghorofa ya kwanza, hapa ni ya tatu. Na "parterre", ambayo Vienna na Moscow ni sakafu ya chini, hapa imepanda juu.

"Amphitheatre" nayo ina vituko vyake. Katika Royal Opera House ya London iko juu kabisa, karibu na dari. Katika ukumbi wa Bolshoi, Moscow, "amfiteatr" iko chini, nyuma ya "parter", ikiwa imeinuliwa kidogo. Mtu aliyezoea Moscow akinunua London kwa jina hilo, atapanda ngazi nyingi asizozitarajia.

Kwa hiyo usiamini jina. Weka kidole kwenye sakafu ya chini, kisha hesabu roshani moja moja hadi ufike kwenye kiti chako. Wajerumani wametusaidia: roshani zao huitwa "Rang" na kupewa namba, 1, 2, 3, basi. Natamani dunia nzima ingewafuata.

Kama nina uwezo wa kuchagua popote, naenda katikati ya roshani ya kwanza, safu ya kwanza hadi ya tatu. Jukwaa lote huwa mbele yako kama mkeka uliotandikwa. Kwa baleti hapo hapana mpinzani, maana michoro ambayo wachezaji huiunda kwa miguu haionekani ukiwa chini. Tahadhari moja: safu ya kwanza ya roshani ina ukuta mfupi na chuma cha kuzuia watu wasianguke. Kwa mtu mfupi, chuma hicho kinaweza kupita usawa wa macho. Safu ya pili ikiwa imeinuliwa vizuri huwa bora zaidi, tena mara nyingine ni nafuu.

Hatua ya 4: Jihadhari na maboksi

Vile vijumba vilivyopangwa ukutani, "boxes" kwa Waingereza, "loges" kwa Wafaransa, "palchi" kwa Waitalia, ndivyo vinavyotamaniwa kuliko vyote. Ndivyo pia vinavyowaponza watu wengi.

Asili yake ni Italia. Ukumbi wa San Cassiano, Venice, ulipofungua milango yake kwa watu wa kulipa kiingilio mwaka 1637, opera ikawa biashara, na familia tajiri zikakodi vijumba kwa msimu mzima. La Scala ya Milano, iliyofunguliwa mwaka 1778, ilijengwa kwa fedha za familia zilizomiliki maboksi yake. Humo zilikula, zikapokea wageni, zikacheza karata, huku taa za ukumbi zikiwaka. Umbo la kiatu cha farasi, ambalo kumbi hizi hulifuata, linatosha kueleza kusudi: ukiketi kwenye boksi la ubavuni, kitu kilicho mbele ya macho yako ni boksi la jirani ng'ambo ya ukumbi. Ili uone jukwaa lazima ugeuze shingo. Mjenzi hakukosea. Aliyelipa alitaka kuonekana.

Hivyo fuata kanuni hizi. Boksi la katikati, linalokabili jukwaa, ni zuri kwelikweli. Italia hapo ndipo palipokuwa pa mfalme, na wachoraji wa mandhari walipanga mistari yao ikae sawa kwa jicho lake. Kadiri boksi linavyosogea kuelekea jukwaani, ndivyo unavyopoteza upande wa jukwaa ulio karibu nawe. Lile la mwisho kabisa, lililogusana na fremu ya jukwaa, litakuonyesha wapiga muziki, mgongo wa mwigizaji na mafundi waliojificha pembeni. Kwa mwanafunzi wa fani hiyo ni darasa tosha. Kwa anayetaka kufuata hadithi ni hasara.

Ndani ya boksi lenyewe pia kuna tabaka. Viti viwili au vitatu vya mbele huona. Vya nyuma husimama. Tiketi ikisema boksi fulani, kiti cha 4 au cha 5, chukulia kwamba utasimama sehemu kubwa ya onyesho.

Mwaka 1876 mtunzi wa opera Richard Wagner alifungua ukumbi wake Bayreuth, Ujerumani, akayafuta maboksi ya pembeni. Viti vyote vilipangwa kama upepeo uliofunguliwa, vyote vikielekea jukwaani, na wapiga muziki wakafichwa kwenye shimo lililofunikwa. Safu zake hazina ujia katikati. Unaingia kwa milango ya kando na kupita mbele ya magoti ya watu. Mpangilio wa aina hiyo ukiuona kwenye ramani, safu ndefu bila mkato, wahi mapema.

Hatua ya 5: Usiidharau roshani ya juu kabisa

Kila lugha imepatania jina mahali hapa. Waingereza husema "the gods", miungu, kwa kuwa uko karibu na dari iliyochorwa anga. Wafaransa husema "paradis", peponi, lakini pia "poulailler", banda la kuku. Wahispania nao wana "gallinero", banda la kuku vilevile, na Waitalia wana "piccionaia", banda la njiwa. Watu wa chini waliwaona wa juu kama ndege waliotua darini.

Wakati mwingine dharau hiyo ilizaa vita. Ukumbi wa Covent Garden, London, uliungua mwaka 1808. Ulipofunguliwa tena mwaka 1809, bei zilikuwa zimepanda, maboksi ya matajiri yameongezwa, na mafukara wamesukumwa kwenye vijishimo vya juu ambako waliona miguu tu ya waigizaji. Watazamaji wakapiga kelele, ngoma na kengele usiku hadi usiku, kwa zaidi ya miezi miwili, hadi uongozi ukashusha bei ya sakafu na kuyapunguza maboksi.

Sauti hupanda, na katika opera wajuzi wengi huketi juu kwa hiari. La Scala sehemu hiyo huitwa "loggione", na waketio humo wanaogopwa na waimbaji kuliko wahakiki wa magazeti. Desemba 2006 walimzomea mwimbaji Roberto Alagna mwanzoni mwa opera ya Aida, akatoka jukwaani. Mwimbaji wa akiba akaingia na nguo zake za kawaida na kuendelea kuimba.

Unachokosa huko juu ni uso wa mwigizaji. Beba darubini ndogo. Kwa tamthilia ya mazungumzo tu, ambayo kila kitu kiko machoni na mdomoni, heri kiti kimoja cha chini kuliko viwili vya darini. Tazama pia maneno "restricted view", maana yake kuna kitu kinachoziba, mara nyingi nguzo. Kumbi zilizojengwa kabla ya kutumika kwa mihimili ya chuma inayojishikilia ukutani zilibeba roshani zake kwa nguzo. Niliwahi kuketi nyuma ya mojawapo saa tatu nzima. Waigizaji wawili walikuwa wakizungumza, nami nilimwona mmoja kwa zamu.

Vienna kuna viti visivyo viti: nafasi za kusimama kwenye opera ya taifa, kwa bei ndogo sana. Kwa miaka mingi aliyepata nafasi yake alifunga skafu kwenye chuma kilicho mbele yake, akaenda zake hadi kengele ilie. Skafu iliheshimiwa kuliko namba.

Hatua ya 6: Soma herufi na namba

Herufi ni safu, namba ni kiti. A kwa kawaida iko mbele, ila ukumbi ulioongeza safu mbele ya A huziita AA, BB. Kumbi nyingi huruka I, nyingine pia O, zisichanganywe na 1 na 0, hivyo safu ya J inaweza kuwa ya tisa.

Broadway na Ufaransa, namba witiri huwa upande mmoja na shufwa upande wa pili. Kiti cha 5 na cha 7 vimegusana. Cha 5 na cha 6 vinaweza kutenganishwa na ukumbi mzima. Broadway sehemu ya katikati huanzia 101. London namba huenda mfululizo kutoka 1, kwa hiyo usihamishe mazoea ya mji mmoja kwenda mwingine.

Hatua ya 7: Ukiwa Japani, anza upya

Jukwaa la Noh, tamthilia ya kale ya vinyago, limechomoza kuingia kwa watazamaji, hivyo viti hupewa majina kwa upande. "Shōmen" ni mbele uso kwa uso. "Waki-shōmen" ni ubavuni, upande wa daraja ambalo waigizaji huingilia. Kati ya hizo mbili kuna "naka-shōmen", nafuu kwa sababu nguzo ya kona ya jukwaa imesimama mbele yake. Nguzo hiyo haing'olewi: mwigizaji mkuu amevaa kinyago chenye matundu madogo ya macho, naye huitumia kujua alipo.

Kwenye kabuki, aina nyingine ya tamthilia ya jadi, tafuta kwanza "hanamichi", njia ya maua, inayopita katikati ya watazamaji upande wa kushoto. Mwigizaji akija kwayo husimama mahali panapoitwa "shichi-san", yaani saba-tatu, sehemu saba kutoka nyuma na tatu kutoka jukwaani, na kutoa pozi lake. Kiti kilicho karibu na hapo kina thamani kuliko cha mbele kabisa. "Sajiki" ni maboksi ya pembeni yaliyoinuliwa. Katika ukumbi wa Kanamaru-za, Kotohira, uliojengwa mwaka 1835, sakafu imegawanywa kwa mbao kuwa miraba, na watu huketi kwenye mito. Sehemu ya nyuma kabisa, juu, huitwa "ōmukō", na ndiko wanakokaa wajuzi wanaoita jina la ukoo wa mwigizaji kwa wakati wake hasa. Tokyo, katika Kabuki-za, huuzwa tiketi za tendo moja tu kwenye ghorofa ya 4, na mgeni atapata hapo mwanzo mzuri.

Hatua ya 8: Ukifika, tafuta mlango wako

Wengi huona hatua hii ni ya ziada. Warumi hawakuona hivyo. Walichimba njia za kutokea chini ya safu na kuziita "vomitoria", ili maelfu watoke haraka. Kumbi za baadaye zilisahau. Chicago, tarehe 30 Desemba 1903, moto ulizuka katika ukumbi wa Iroquois uliokuwa umefunguliwa mwezi uliotangulia, ukaua watu zaidi ya 600. Wengi walikuwa kwenye roshani za juu. Ngazi zao zilikuwa na mageti yaliyofungwa kwa kufuli wakati wa onyesho, wenye tiketi za bei ndogo wasije wakateremka kwenye viti vya wengine.

Roshani nyingi za kale bado zina ngazi zake peke yake na mlango wake wa barabarani, mbali na ule mkubwa wenye mazulia. Kabla taa hazijazimwa, geuka, uone mlango ulio karibu nawe, uhesabu safu zilizo kati yako na huo mlango.